Mgeni na Jembe Lake: Ukaazi wa Washairi, Tamasha na Mfano wa Robert Frost

Utangulizi

Wahenga wametuachia methali mbili juu ya ugeni ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kuvutana. Ya kwanza yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika methali ya kwanza mgeni ni neema kwa kuja kwake tu. Katika ya pili ni mzigo mpaka atakapofanya kazi. Mvutano huu hujitokeza waziwazi mtu anapochunguza desturi iliyoenea katika nchi za Magharibi tangu karne ya 20, nayo ni ile ya kumwalika mshairi akae mahali kwa muda maalumu, apewe nyumba na posho ili atunge, kisha asome tungo zake mbele ya hadhira, mara nyingi katika tamasha la ushairi. Mshairi wa namna hiyo makala haya yatamwita mshairi mkaazi, na mpango wenyewe yatauita ukaazi.

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kuuliza mshairi amesema nini na amesemaje. Ni kwa nadra zaidi ambapo umeuliza mshairi alikuwa wapi alipotunga, nani alimlisha, na nani alikuwa akimngoja amalize. Maswali haya si ya kando. Idara, vyama na mabaraza ya Afrika Mashariki yanayotaka kuwaenzi washairi yatalazimika kuchagua mfano wa kufuata, na mfano ulio karibu zaidi na mkono ni ule wa Magharibi. Kwa hiyo ni jambo la busara kuuchunguza mfano huo kabla ya kuuiga.

Makala haya yanachunguza ukaazi unaohusishwa na mshairi Mmarekani Robert Frost (1874–1963), kwa kuwa jina lake limo katika pande zote mbili za desturi hii: yeye mwenyewe aliwahi kuwa mshairi mkaazi, na nyumba aliyoishi imekuwa makao ya washairi wakaazi. Hoja inayotolewa ni kwamba maisha ya Frost yanakanusha imani ambayo ukaazi umejengwa juu yake. Imani hiyo ni kuwa mshairi akiwekwa mahali pazuri na kuachiwa nafasi, mahali hapo patazaa mashairi. Kwa Frost, mahali palimpa wasikilizaji na kumbukumbu; mashairi yalikuja baadaye, na mara nyingi yalikuja kwingineko. Anayeupima ukaazi kwa idadi ya mashairi yaliyotungwa chini ya paa lake anampa mgeni jembe lisilo lake.

Nyumba ya Franconia

Frost alirejea Marekani kutoka Uingereza mwaka 1915. Alinunua shamba dogo huko Franconia, katika jimbo la New Hampshire, akaishi hapo na familia yake hadi mwaka 1920. Kibaraza cha nyumba hiyo ya mbao kinatazamana na milima. Mwaka 1976, taifa la Marekani lilipokuwa likiadhimisha miaka 200, wakazi wa mji huo waliinunua nyumba kwa jina la mji, na mwaka uliofuata ikafunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha ushairi. Tangu hapo, kila msimu wa joto mshairi mmoja amekuwa akialikwa kukaa humo kwa majuma kadhaa. Miongoni mwa waliowahi kukaa ni Katha Pollitt na Robert Hass. Sambamba na ukaazi huo kulianzishwa tamasha la ushairi ambalo kwa miaka mingi liliwakusanya washairi na wanafunzi wao, na banda la zamani la shamba likawa ukumbi wa kusomea mashairi.

Mpangilio wa nyumba yenyewe unastahili kusomwa kama matini. Vyumba vya mbele ni vya makumbusho, na wakati wa alasiri wageni huingia kutazama vitu vya marehemu. Sehemu iliyobaki ni ya mshairi mkaazi. Hivyo basi ukuta mmoja tu hutenganisha faragha na maonyesho. Upande mmoja mshairi aliye hai anatafuta neno. Upande wa pili wageni wanasoma maandishi ya mshairi aliyekwisha kufa. Je, mkaazi huyu ni mtunzi aliyepewa utulivu, au ni sehemu ya maonyesho, ushahidi kwamba nyumba ya Frost bado inatoa washairi? Jibu la haki ni kwamba yeye ni vyote viwili. Tamasha nalo linapofika, ukuta huo mwembamba huondoka kabisa: aliyekuwa upande wa ndani hutoka bandani, akasimama mbele ya watu.

Wanaoutetea mpango wa namna hii wana hoja nzito. Mshairi katika jamii ya viwanda hana wakati. Anafundisha, anasahihisha, analea, analipa kodi ya nyumba. Majuma machache yasiyo na kazi nyingine ni zawadi ambayo mshahara wake hauwezi kuinunua. Hoja hiyo haipingwi katika makala haya. Linalotiliwa shaka ni dhana nyingine iliyojificha nyuma yake, kwamba utulivu huo una nguvu ya pekee ukipatikana mahali ambapo mshairi mkubwa aliishi, kana kwamba ushairi umo katika ardhi na hupanda kwa nyayo. Dhana hiyo inaweza kupimwa kwa kazi za Frost mwenyewe.

Umbali na utunzi

Diwani ya Frost iitwayo North of Boston ilichapishwa London mwaka 1914. Inazungumzia wakulima wa New Hampshire, kuta zao za mawe, vifo vyao na ukimya wa ndoa zao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya diwani hiyo iliandikwa Uingereza, wakati mshairi alipokuwa mgeni katika nchi ambayo haikuwa na hata mmoja wa wakulima hao. Ilimbidi avuke bahari ndipo awasikie vizuri.

Kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 1916, Frost akiwa tayari ni mkazi wa Franconia, ilitoka diwani iitwayo Mountain Interval. Shairi la kwanza katika diwani hiyo, "The Road Not Taken", ambalo huenda ndilo linalojulikana zaidi miongoni mwa mashairi yake yote, halikuzaliwa na milima ya Franconia. Chimbuko lake ni matembezi ya Frost na rafiki yake Edward Thomas katika mashamba ya Gloucestershire, Uingereza. Kwa hiyo msomaji anayekwenda Franconia kuitafuta njia iliyogawanyika msituni anaitafuta nchi isiyo yake.

Haya hayana maana kwamba Franconia haikumpa Frost kitu. Ilimpa ardhi, majirani, msimu wa kugema maji matamu ya miti, na jina la mshairi mkulima ambalo alilitumia kwa werevu mkubwa maishani mwake. Lakini kutoa malighafi si sawa na kutoa shairi. Baina ya hivyo viwili kuna muda, na kwa Frost muda huo ulikuwa aghalabu pia ni umbali. Mahali palifanya kazi yake baada ya kuachwa. Ukaazi unaotarajia shairi la mlima kutoka kwa mshairi anayeutazama mlima huo kwa mara ya kwanza unaomba mavuno siku ya kupanda.

Mwaka wa Ann Arbor

Ushahidi mzito zaidi unatokana na wakati ambapo Frost mwenyewe alikuwa mshairi mkaazi. Mwaka 1921 rais wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marion LeRoy Burton, alimwalika aje kukaa mjini Ann Arbor. Fedha, dola 5,000, zilitolewa na Chase Osborn, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo. Frost hakutakiwa kufundisha vipindi. Alichotakiwa ni kuwapo tu, ili wanafunzi wamwone mshairi akiishi kati yao. Hii ilikuwa miongoni mwa mipango ya mwanzo ya aina yake katika vyuo vya Marekani, na kwa nadharia ilikuwa ukaazi mkamilifu: mgeni aliyekirimiwa bila ya kupewa jembe.

Kwa hakika jembe lilikuja lenyewe. Mshairi asiye na vipindi alikuwa na wageni. Palikuwa na karamu, mialiko, na wanafunzi waliomletea tungo zao. Kundi la wanafunzi lililochapisha jarida lililoitwa Whimsies lilimfanya kuwa mshauri wake. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1922 kundi hilo, kwa msaada wake, likaandaa mfululizo wa usomaji wa mashairi uliowaleta Ann Arbor Padraic Colum, Carl Sandburg, Louis Untermeyer, Amy Lowell na Vachel Lindsay. Mfululizo huo haukuitwa tamasha, lakini ulikuwa na kila sifa ya tamasha: washairi kutoka mbali, hadhira kubwa, na mji mzima ukizungumzia ushairi kwa majuma kadhaa. Mshairi mkaazi aligeuka kuwa mwenyeji wa washairi wengine.

Mashairi yenyewe je? Baada ya mwaka huo wa masomo Frost alirudi nyumbani kwake South Shaftsbury, katika jimbo la Vermont. Huko, katika msimu wa joto wa mwaka 1922, alikesha usiku kucha akiandika shairi refu "New Hampshire". Kwa maelezo yake mwenyewe, ilipofika alfajiri alitoka nje kutazama macheo, kisha akaandika shairi fupi, "Stopping by Woods on a Snowy Evening". Wahakiki wameonyesha kwamba shairi hilo fupi halikushuka likiwa kamili kama simulizi ya mshairi inavyoweza kumfanya mtu afikiri. Muswada uliosalia una mistari iliyokatwa na kuandikwa upya. Pamoja na hayo, mahali na msimu havina ubishi. Shairi linalosifu New Hampshire liliandikwa Vermont. Shairi la theluji na usiku mrefu kuliko wote katika mwaka liliandikwa wakati wa joto. Yote mawili yaliandikwa nje ya nyumba ya ukaazi, miezi michache baada ya tamasha kumalizika. Diwani iliyoyakusanya, New Hampshire, ilitoka mwaka 1923, na mwaka 1924 ikampatia Frost tuzo ya Pulitzer kwa mara ya kwanza.

Mkaguzi wa hesabu angeweza kusema kwamba mwaka wa Ann Arbor ulikuwa hasara: dola 5,000 zilitumika, na mashairi bora yakaandikwa kwingine. Kauli hiyo ingekuwa sahihi kihesabu na potofu kihakiki. Mtu aliyekaa mwaka mzima akizungumza juu ya ushairi, akisoma mbele ya hadhira, akisikiliza sauti za washairi wenzake zilizokuwa tofauti kabisa na yake, alirudi nyumbani na sikio lililojaa. "New Hampshire" ni shairi la mazungumzo. Linasemwa kama mtu anayejibizana na wasikilizaji wake, akiwatania na kuwachokoza. Si vigumu kudhani kwamba msemaji huyo alipata mazoezi yake mbele ya wenyeji wa Ann Arbor. Dhana hii haiwezi kuthibitishwa kama hesabu, lakini inaeleza ushahidi vizuri kuliko ile inayousoma mwaka huo kama hasara tupu.

Upweke na wasikilizaji

Endapo umbali na kumbukumbu ndivyo vizaavyo shairi, basi pengine mshairi angehitaji upweke tu, na tamasha lingekuwa usumbufu. Mfano wa karibu na msomaji wa Kiswahili unaonya dhidi ya hitimisho hilo la haraka. Abdilatif Abdalla alifungwa gerezani kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Humo kifungoni alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za msalani, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Itakuwa ni kukosa adabu kuuita upweke huo ukaazi. Hakuna mwenyeji aliyemkaribisha, na mlango ulifungwa kwa nje. Lakini diwani hiyo inathibitisha jambo moja. Mashairi yake yamejaa watu: yanauliza, yanajibu, yanaonya, yanaagana. Upweke uliokusudiwa kumnyamazisha mshairi haukuweza kumwondolea hadhira aliyokuwa ameibeba akilini kabla ya kufungwa. Kuta peke yake hazikutunga. Aliyetunga ni mtu aliyekuwa amekwisha kusikia na kusikika.

Muyaka bin Haji wa Mombasa (takriban 1776–1840) anaonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo. Muyaka hakuhitaji kualikwa katika mji ili akae humo. Tungo zake zilijibu mambo ya mji: vita na majirani, siasa za Wamazrui, njaa, deni, mapenzi na usaliti. Zilijibiwa na wengine, naye akajibu tena. Katika mazingira hayo tamasha halikuwa tukio la kalenda. Lilikuwa barazani kila jioni. Hata hivyo, mhakiki asidanganywe na uzuri wa picha hiyo akadhani kwamba Muyaka alikuwa huru bila ya jembe. Tungo zake za siasa zilisimama upande wa watawala wa Mombasa, na jembe la aliye karibu na watawala lina mpini mrefu.

Mifano hii miwili inasaidia kueleza maana ya ukaazi na tamasha kwa pamoja. Kitabu kilichochapishwa kiliwatenganisha mshairi na wasikilizaji wake. Kikampa wasomaji wengi zaidi, lakini wasomaji asiowaona. Jamii za Magharibi zilipoanza kumlipa mshairi aje akae mahali, kisha zikamsimamisha mbele ya watu, zilikuwa zinajaribu kuunga tena kile ambacho baraza la Mombasa halikuwahi kukikata. Ukiutazama hivi, ukaazi usio na tamasha ni chumba tu, na tamasha lisilo na ukaazi ni siku ya soko: mshairi hufika, huuza, huondoka. Thamani imo katika kuviunganisha viwili hivyo, na ugumu pia umo humo.

Nani huingia?

Bado kuna swali la mlango. Mipango mingi ya ukaazi humtaka mwombaji awe amechapisha walau diwani moja kamili. Sharti hilo lina mantiki yake, kwani humsaidia mwenyeji kumtambua mshairi asiyemjua. Lakini likichukuliwa jinsi lilivyo na kuletwa katika pwani ya Afrika Mashariki, matokeo yake ni ya ajabu. Tungo za Muyaka zilihifadhiwa vifuani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, wakati Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya na kumpatia W. E. Taylor. Zilitoka kama diwani mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, takriban miaka 100 baada ya mtunzi kufariki. Kwa sharti la diwani moja, Muyaka angekataliwa mlangoni. Wapo leo, Mombasa, Lamu, Pemba na Tanga, washairi ambao tungo zao zinajulikana kwa kughaniwa na kunakiliwa tu, na ambao wangekataliwa pamoja naye.

Kisa cha Sikujua kina funzo jingine. Aliyemwokoa Muyaka hakuwa mfadhili aliyempa chumba. Alikuwa msikilizaji mwenye kalamu. Ukaazi wa Magharibi humpa mshairi meza kwa kuwa unachukulia kwamba mshairi na mwandishi ni mtu yule yule. Katika mapokeo ya Kiswahili hao wanaweza kuwa watu wawili, na ukaazi unaomkaribisha mmoja na kumsahau wa pili umefanya nusu ya kazi.

Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza kwa idara au chama chochote kinachofikiria kuanzisha ukaazi wa washairi wa Kiswahili pamoja na tamasha. Kwanza, mwenyeji asidai shairi juu ya mwenyeji, wala asihesabu mashairi siku ya kuagana. Uzoefu wa Frost unaonyesha kwamba mavuno yanaweza kuja baada ya miezi, katika nyumba nyingine, yakiwa na msimu usiofanana na ule wa kupanda. Ni afadhali sehemu ya posho itengwe kwa ajili ya muda ambao mshairi atakuwa amesharudi kwake, kuliko yote kutumika akiwa machoni mwa mwenyeji.

Pili, tamasha lisichukuliwe kuwa malipo ambayo mshairi anadaiwa kwa kulazwa na kulishwa. Ndilo chakula chenyewe. Kwa hiyo lipangwe ili mkaazi asikilize angalau kama anavyosikilizwa, na asiachwe peke yake jukwaani kama kinyago cha makumbusho. Tatu, mlango upanuliwe. Anayeghani akubaliwe kwa ushahidi wa wale waliomsikia, na pamoja naye akaribishwe kijana wa kunakili, ambaye naye atakuwa mkaazi kwa haki yake mwenyewe wala si mtumishi.

Hapo ndipo methali mbili za mwanzo hupatana. Mwenyeji hupona kwa kuja kwa mgeni ikiwa jembe analompa ni lile ambalo mgeni amelizoea, na ikiwa ana subira ya kungoja mvua. Kwa mshairi jembe hilo ni sikio. Mengine hulimwa baadaye, mwenyeji asipoona.